Mwamuzi wa Magari ya Kwenye Kioo

Andika kwanza jina la baba yangu: Omari Kidunda, mkulima wa mtama na alizeti. Mama yangu aliitwa Mwanaidi binti Ramadhani. Nilizaliwa Busi, upande wa Kondoa, katika nyumba ya tembe ambayo leo haipo, nikaolewa na kuletwa Dodoma mjini, hapa Majengo, ambako nimezika mume na kulea wajukuu. Shule sikuingia hata siku moja. Kaka zangu walikwenda, mimi nilibaki na mbuzi. Nayasema haya mwanzoni ili anayesoma ajue ni nani anayesema, asije akadhani kwamba maneno haya ni ya mtu aliyesomea magari. Magari nimeyajua uzeeni, tena yale yasiyotoa moshi.

Wewe, Zainabu mjukuu wangu, ndiye unayeandika, na utaandika ninavyosema. Vijana wa ligi yenu wamekuomba picha ya mwamuzi wenu wa kwanza, waiweke pale mnapokutana kwenye simu. Picha hiyo haipo. Mtu huyo kila alipoelekezewa simu aligeuza uso na kusema kwamba mwamuzi akishajulikana sura ataanza kuletewa kuku. Kwa hiyo nitawapa picha ya maneno. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda litajwe. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sikumwuliza. Mpangaji mwenye adabu haulizwi ukoo. Tutamwita mlivyomwita: Mwamuzi.

Alipohamia chumba cha karibu na lango alikuja na godoro, jiko la mkaa, na sanduku ambalo hakumruhusu mchukuzi kulishika. Ndani yake mlikuwa na mashine ya michezo, kioo chake na usukani, mali ya mwanawe aliyepata kazi Mwanza akamwachia amtunzie. Alianza kwa kuitunza kweli. Aliifuta vumbi, akaifunika kitambaa. Kisha akaiwasha ili aone kama bado ni nzima. Kisha nikaanza kusikia magari yakinguruma ndani ya nyumba yangu. Siku moja alinijia amevua kofia.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Sema."

"Naomba ile meza ya cherehani ya marehemu."

"Unataka kushona?"

"Nataka kufunga usukani. Meza yangu inatembea nikikata kona."

Nilimpa kwa sharti kwamba asiitoboe tundu hata moja. Alitii. Aliufunga usukani kwa mipira ya ndani ya baiskeli, akaviringisha na kukaza mpaka haukutikisika, na pedali zake akaziweka pale pale ambapo miguu ya mume wangu ilikuwa ikikanyaga. Nilipoliona hilo, chuki yangu juu ya yale makelele ilipungua.

Kazi yake ya zamani ilikuwa udereva wa malori, njia ya Singida, na ile ya Kondoa kabla haijawekwa lami. Kwa nini aliacha, hakusema. Alikuwa na umri wa kuendelea na mikono yake haikutetemeka. Nilikuja kuelewa baadaye sana, na nitafika huko.

Kwa asiyejua, nieleze mbio hizi ni kitu gani. Kila kijana hukaa kwake, huyu Makole, huyu Kondoa, yule Bahi, mbele ya kioo chake na usukani wake, na magari yao hukutana katika barabara moja iliyo ndani ya mashine. Wanasikiana kwa vyombo vya masikioni. Hukimbia Jumapili baada ya alasiri. Mtu akigongwa haumii, gari likipinduka hakuna wa kuzikwa, na hapo ndipo lilipokuwa tatizo. Mlikuwa mkigongana kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Mwamuzi aliwahi kukimbia nanyi mwanzoni, na kwa maneno yake mwenyewe alikuwa wa mwisho kila siku. Akiwa huko nyuma aliona kila uchafu uliofanyika mbele yake, na siku moja akawaambia kwamba kama hakuna wa kuamua ataamua yeye. Hamkumchagua. Alijiteua, nanyi mkanyamaza kwa kuwa alikuwa mtu mzima, kisha mkazoea.

Jambo lake la kwanza lilikuwa salamu. Hakuanzisha mbio mpaka kila aliyeingia awe amesalimu, mdogo kwa mkubwa. Kijana akiingia kimyakimya Mwamuzi aliuliza, "Nani huyo ameingia kama paka jikoni?" na mbio zilingoja. Kuna aliyewahi kumwambia, "Mzee, tutachelewa." Akajibu kwamba yeye alikwisha kuchelewa kuzaliwa katika enzi ya mashine hizi, dakika mbili hazitamwongezea hasara. Baada ya mbio, aliyeshinda ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa pole kwa walioanguka. Asiyetoa, ushindi wake ulisomwa mwisho, baada ya majina yote, kwa sauti ya chini.

Jambo la pili lilikuwa kona ya kwanza. Hapo magari yote hufika pamoja na kila mmoja hudhani njia ni yake. Aliwaambia, "Kona ya kwanza ni mlango wa msikiti siku ya Idi. Wote mtaingia. Anayesukuma ataacha kiatu." Kijana mmoja Mkristo akamwuliza kama kanisani nako hali ni hiyo. Akasema kanisani hajui, lakini anadhani viatu hamvui, kwa hiyo msukumaji atajikanyaga mwenyewe. Mlicheka, na kwa Jumapili kadhaa hakuna aliyegongana kwenye kona ile.

Alipenda pia kuwasimulia habari za ng'ombe wa njia ya Bahi. Dereva wa lori akikuta kundi barabarani hapigi honi, alisema, kwa sababu ng'ombe akishtuka hujui atakimbilia upande gani. Hupunguza mwendo, humwonyesha mchungaji kwamba amemwona, na hupita anapoachiwa upana wa gari zima. Upana wa gari zima ndio uliokuwa kipimo chake kwa mambo yote. Mkibishana ni nani alikuwa na haki ya kuingia ndani ya kona, aliuliza neno moja tu: "Gari lingeenea?" Ukijibu kwamba lingeenea kama mwenzako angesogea, umekwisha kujihukumu.

Malalamiko hakuyapokea siku ya mbio. Hili nililipenda kuliko yote. Simu ilipolia jioni ya Jumapili alipokea na kuuliza kabla hajasalimiwa:

"Umekula?"

"Bado, Mzee, lakini yule jamaa—"

"Nenda ukale. Ulale. Kesho ukiamka bado umegongwa, nipigie."

Wengi kesho yake hawakupiga. Waliopiga walikuwa wamegongwa kweli.

Sheria yake kubwa aliiita kujisema. Ukimgonga mwenzako ukachukua nafasi yake, hungoji mwamuzi. Unaondoa mguu kwenye mafuta paliponyooka, unakaa pembeni, unamngoja afike hata kama ameachwa nyuma kabisa, unamwambia, "Pita," ndipo unaendelea. Hata wengine wakikupita ukiwa umesimama, shauri yako. Akikusema mwamuzi kabla hujajisema, adhabu yake ilikuwa mara mbili. "Mimi nina marudio," aliwaambia, maana mashine ile inakumbuka, na yaliyopita unayaona tena polepole, mbele na nyuma. "Lakini nikilazimika kuyafungua ujue umeniaibisha mimi nilipokuamini."

Na kulikuwa na bendera ya buluu. Hiyo huonyeshwa kwa dereva wa nyuma ambaye walio mbele wamemzunguka wakamfikia tena. Maana yake ni kwamba anayekuja ana kasi kuliko wewe, usimzibie. Vijana waliichukia kama tusi. Mwamuzi aliwaambia kwamba yeye ameonyeshwa bendera hiyo kuliko wote na bado anakula ugali wake vizuri. Kumpisha mwenye kasi, alisema, ni kazi ya dereva kama kazi nyingine, na anayeifanya vibaya ni dereva mbaya kuliko aliyekuwa wa mwisho.

Sasa usidhani ninamchora malaika. Mtu huyu aliyewapigia kelele kwa upana wa gari alikuwa mwizi wa karata. Alicheza na shemeji yangu barazani na kuficha karata ya mwisho chini ya paja, na akikamatwa alisema ilidondoka. Bombani, maji yanapotoka kwa zamu, ndoo yake ilikuwa mbele kila mara na hakuna aliyeona ilifikaje. Nilimsimamisha siku moja.

"Mwamuzi, na foleni ya maji haina kona ya kwanza?"

"Bomba halina marudio, Bi Mkubwa," akasema, akainua ndoo yake na kwenda.

Na huyu aliyeendesha malori njia za mawe alikuwa akipanda bodaboda anafumba macho. Nilikuwa nyuma yake katika bajaji siku tulipokwenda mazishi Chang'ombe, nikamsikia anamwambia kijana wa watu, "Baba, polepole, hapa hakuna kitufe cha kuanza upya." Alipenda zabibu za hapa kwetu kwa namna ya aibu, alizila peke yake mlango umefungwa na kutema mbegu kwenye kikombe changu. Mlenda aliudharau, akisema ni chakula kinachotoroka. Nilimsamehe mengi, lakini la mlenda sijalisamehe.

Watu walinong'ona kwamba kwa kuwa wewe Zainabu unakimbia katika ligi hiyo na yeye anakaa kwenye nyumba ya bibi yako, atakupendelea. Alilijibu hadharani. Alisema ukikosa utaadhibiwa kama wengine, tofauti ni kwamba wewe atakutana nawe akienda chooni.

Mimi nilianza kuingia chumbani kwake kwa ajili ya chai. Alinikaribisha kiti karibu na kioo, akaniambia nitazame naye, na akawa ananiuliza.

"Gari la kijani liko wapi, Bi Mkubwa?"

"Lipo nyuma ya lile lenye mistari."

"Karibu sana?"

"Linalinusa."

Nilidhani ananifundisha. Kusoma sijui, majina yaliyoandikwa juu ya magari kwangu ni michoro ya sisimizi, na yeye hakuniuliza jina hata mara moja. Aliuliza rangi. Niliona ni heshima kubwa, kwamba ananipa mlango ninaoweza kuingilia. Kwa hiyo nikayajua magari yote kwa rangi zake. Lako lilikuwa jeupe lenye pindo jekundu kama kanga mpya. La kijana wa Bahi mliyemwita Kambare, dereva wa bodaboda, lilikuwa la njano lenye mdomo mweusi. Msimu mzima nilikaa pale kila Jumapili, na siku za malalamiko nilikaa tena, akiyafungua marudio na kuniuliza nimeona nini, na mimi nikisema. Nilijiona nimekuwa mwanafunzi mzuri. Nilikuwa na fahari, usicheke.

Andika sasa habari ya mbio za mwisho za msimu ule. Usinitazame, andika.

Mshindi wa msimu alikuwa apewe nafasi ya kwenda Dar es Salaam kukimbia kwa niaba ya Dodoma katika ligi kubwa. Mlibaki wawili, wewe na Kambare, na atakayekuwa mbele siku hiyo ndiye atakayekwenda. Ulikuwa umeitaka nafasi hiyo kiasi kwamba ulianza kula ukiwa umesimama. Kambare aliongoza tangu mwanzo. Ilipobaki mizunguko michache, kwenye kona ile ya taratibu iliyo kama kiwiko, gari jeupe lilimfikia la njano, la njano likazunguka na kutoka barabarani, jeupe likaendelea na kushinda. Hukumngoja. Hukusema neno. Nilikusikia chumba cha pili ukipiga kelele za furaha, nami nilipiga vigelegele, kwa sababu lilipita haraka na sikuona sawasawa.

Kambare alipiga kesho yake mchana.

"Umekula?" Mwamuzi akamwuliza.

"Nimekula, Mzee. Ugali na samaki wa kwetu. Na bado nalalamika."

Alasiri wote mlikusanyika masikioni mwa Mwamuzi, na wewe ukiwa chumbani kwako umefunga mlango. Akafungua marudio. Nilikuwa nimekaa pale pale pa kila siku. Akakifunika kipaza sauti kwa kiganja, akainama upande wangu.

"Bi Mkubwa. Jeupe liliingia ndani kabla ya la njano kuanza kukata kona, au baada?"

Nilitazama. Nikamwambia arudishe. Akarudisha. Nikamwambia arudishe tena, polepole. Niliona pindo jekundu, nikaona pua ya gari lako ikiingia mahali ambapo la njano limekwisha kugeuka.

"Baada," nikasema.

"Gari lingeenea?"

"Pale asingeenea hata mbuzi."

"Una hakika? Unajua ni gari la nani."

"Wadhani nitaacha undugu uamue badala ya macho yangu?" nikamwambia. "Najua gari la mjukuu wangu. Nimekwambia baada."

Aliondoa kiganja. Akaamua kama alivyoamua siku zote, bila kupandisha sauti. Gari jeupe lilimgonga la njano. Halikungoja. Halikujisema. Adhabu ni mara mbili, na ushindi ni wa Kambare. Ndipo nilipokusikia sauti yako ikitoka katika chombo chake na, kwa mbali, ikitoka pia ukutani.

"Mwamuzi, shikamoo. Naomba kuuliza. Wewe mwenyewe umeliona?"

Hapo ndipo nilipomwona akihangaika kwa mara ya kwanza. Angeweza kusema ndiyo, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Alishika usukani uliofungwa kwenye meza ya marehemu, akaushika kwa mikono yote miwili kama mtu anayeendesha.

"Sikuliona," akasema. "Najisema. Macho yangu yamekuwa yakiondoka tangu nilipoacha lori, na msimu huu sioni tena magari yenu, naona rangi zinapita kwenye ukungu. Maamuzi ya msimu huu nimeyatoa kwa macho ya mama mwenye nyumba. Na hili la leo nimemwuliza yeye, bibi yake mwenye gari jeupe."

Mimi nilikuwa nimekaa nimeshika kikombe. Ndipo nilipojua kwamba nilipomwona ananiuliza rangi badala ya majina, hakuwa ananisitiri mimi tu. Mbele ya kioo kile tulikaa wasioweza kusoma wawili.

Aliyezungumza kwanza alikuwa Kambare.

"Kama bibi yake mwenyewe amesema hivyo," akasema, "mimi na wengine tubishe nini? Mzee, hata ungekuwa na macho sita."

Watu wakacheka. Wewe hukucheka. Ulitoka ukapita uani bila kunitazama, na salamu zako kwangu zikawa za kutimiza wajibu, asubuhi na jioni, mpaka siku ile ulipokaa jikoni ukachukua simu ukawapelekea wote ujumbe wa sauti nami nikisikia: "Nilimgonga. Nilijua pale pale kwamba nimemgonga. Kambare, nenda salama." Ulikuwa unakata vitunguu, na sitaandikisha hapa ni kipi kilichokutoa machozi.

Mwamuzi nilimkasirikia. Nilimfuata mlangoni kwake.

"Umenitumia."

"Nimekutumia, Bi Mkubwa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa kukaa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Na wangebaki bila mwamuzi."

"Wangebaki na wewe usiyetaka kuondoka," nikamwambia, na nilipoona jinsi alivyoinamisha kichwa nilitamani ningelisema kwa upole zaidi, lakini lilikuwa kweli na sikulirudisha.

Vijana walimwomba abaki. Walisema watampa mtu wa kumtazamia, watanilipa mimi, watafanya vyovyote. Alikataa. Aliwaambia kwamba amekwisha kuonyeshwa bendera ya buluu muda mrefu na ameendelea kuziba njia, na kwamba hilo ndilo kosa alilowaadhibia wao mara nyingi. Akamchagua msichana mmoja wa Makole aliyekuwa na macho makali na moyo wa taratibu, akampa kiti, akahamia Zuzu, nje ya mji, kwa binti yake. Mashine alimrudishia mwanawe. Usukani aliuacha umefungwa kwenye meza. Alisema kuufungua kutachubua mbao, na aliniahidi kwamba meza haitadhurika.

Nilimwona tena mwaka huu, baada ya mavuno. Ilikuwa Jumapili ya mbio, na wewe ulikuwa unakimbia, kwa hiyo nilikwenda peke yangu kwa bajaji. Ulinifungulia mbio kwenye simu ukaniambia nisibonyeze kitu chochote hadi nifike. Nilimkuta amekaa kwenye kivuli cha ukuta, uso umeelekea reli inayopita huko, zabibu kwenye bakuli. Hakuniona mpaka nilipokuwa mbele yake.

"Nani ameingia kama paka?"

"Mwenye kikombe ulichokuwa ukitemea mbegu."

Alisimama, akanipa shikamoo, akatafuta mkono wangu hewani mpaka nikampa. Tulikaa. Nikaweka simu kati yetu, nikamwambia, "Leo uliza waziwazi."

"Jeupe liko wapi?"

"La pili."

"Mbele yake?"

"Jekundu la yule mtoto wa Kondoa."

Nikamsimulia kona kwa kona. Alijua kwa ngurumo tu ni nani amechelewa kukanyaga breki. Kisha kwenye kona ya kiwiko gari lako liliteleza kidogo likaligusa lile jekundu nyuma, jekundu likakaa mchangani, nawe ukawa wa kwanza. Nikanyamaza. Yeye akasikia kwamba nimenyamaza.

"Amemgonga," akasema.

"Amemgonga."

"Endelea."

"Ameondoka... Subiri. Anapunguza. Amekwenda pembeni, Mwamuzi. Amesimama."

"Gari limekufa?"

"Halijafa. Amesimama tu. La kijani limempita. Lenye mistari limempita."

"Mwamuzi wao amemwambia?"

"Hakuna aliyesema kitu. Anamngoja."

Magari mengine yalipita. Jekundu lilitoka mchangani taratibu, likaja, na tukakusikia, sauti ndogo ndani ya simu: "Pita, samahani." Likapita. Wewe ukalifuata.

Mwamuzi akaniambia nimsimulie tena pale mahali. Nikasimulia. Akaniuliza gari lilisimama mkono gani wa barabara, nikamwambia wa kushoto, majanini kabisa. Akaniuliza lilikuwa limeacha upana kiasi gani.

"Gari zima," nikasema. "Na mbuzi."

Aliuliza ulimaliza wa ngapi, nikamwambia wa sita. Akalirudia neno hilo peke yake, wa sita, huku akitafuta bakuli kwa vidole, akachuma zabibu moja, akala, na mbegu yake akaitema mkononi mwake mwenyewe. Bintiye alipoleta chakula, kilikuwa ugali na mlenda. Aliula wote mbele yangu bila neno, na nilipomwuliza kulikoni akasema kwamba mtu akiwa kipofu hawezi kuona chakula kikitoroka.

Sasa sikiliza unachopaswa kukitunza, Zainabu. Meza ya cherehani ni yako nikifa, na usukani wake juu yake. Mipira ya baiskeli ikilegea, kaza kwa mipira mingine, usitoboe. Kombe la ligi la mwaka huu, kama ulipewa, sijaliona na sihitaji kuliona. Unaweza kuliweka popote. Salamu kabla ya mbio zitunzeni, na mlalamikaji aulizwe kwanza kama amekula. Zuzu uende mwenyewe kabla ya mvua, ukamkalie karibu na kumtazamia, na ukimtazamia usimpunguzie wala usimwongezee. Chukua zabibu, na kikombe kingine.

Hayo ndiyo yangu. Nisomee yote tangu kwa baba yangu, polepole, na pale ulipomgonga Kambare nataka nisikie hujapalainisha.